Nyasi za Polepole Hazina Kosa

Kipara cha uwanja wa nyasi ni mahali ambapo nyasi zimekufa au zimeng'oka, udongo ukabaki wazi, ilhali pande zote nyasi zingali hai. Katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kumsenga na kata nyingine za Kibondo hadi Kasulu, vipara hujitokeza mahali palepale: mbele ya mlingoti wa bendera wanapojipanga wanafunzi asubuhi, chini ya mwembe wa zahanati wanapongojea wagonjwa, kwenye kona ya ua wa kanisa inayokatizwa na baiskeli, na pale turubai la maharage lilipotandikwa juma zima. Nyasi zikiwa za kukua haraka, kipara kidogo huziba kabla hakijazungumzwa. Zikiwa za polepole, kinakaa. Mwaka wa kwanza unapita, wa pili unapita, na hapo hukumu hutolewa: nyasi hizi hazifai, zing'olewe zipandwe za haraka. Asiye na nguvu za kung'oa husema heri pafagiliwe pote pabaki udongo.

Hukumu hiyo imekubalika mno hata haiulizwi ushahidi wake, nayo ni ya makosa. Nyasi za polepole hushindwa kuziba kipara kwa sababu zimeachiwa umbali mrefu wa kutambaa, juu ya udongo uliogandamana, na mara nyingi zimepandwa upya katika miezi isiyofaa. Umbali, udongo na majira, yote matatu yamo mikononi mwa mtunza uwanja. Kubadilisha aina ya nyasi hakuondoi hata moja.

Nyasi zinazozungumziwa hapa ni za nchi za joto, zile ambazo hustawi joto likiwa kati ya nyuzi 27 na 35 za Selsiasi. Zina njia yao ya kutengeneza chakula kutokana na mwanga wa jua, iliyoelezwa na wanasayansi Hatch na Slack huko Australia katika miaka ya 1960, njia ileile inayotumiwa na mahindi na muwa. Njia hiyo huzipa nguvu kubwa jua likiwa kali na maji yakiwapo, na huzilegeza baridi ikiingia. Ndani ya kundi hilo kasi inatofautiana sana. Ukoka hutambaa juu na chini ya ardhi kwa pupa. Nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni milima ya Afrika Mashariki, nazo zina haraka. Zoisia ni za polepole kabisa, na baadhi ya paspalamu, zenye mashina mafupi na manene, haziko mbali nazo.

Upole wa zoisia si siri iliyogunduliwa juzi. Marekani, aina iitwayo Meyer, iliyopewa jina la Frank Meyer aliyekusanya mbegu huko Asia mwanzoni mwa karne ya 20, ilitolewa kwa umma mwaka 1951. Kila aliyeipanda alijua kwamba haina haraka, tena kwamba mbegu zake hazizai mmea unaofanana na mama. Ikapandwa kwa vibonge, yaani vipande vidogo vya nyasi vilivyokatwa pamoja na mizizi na udongo wake. Maelfu ya nyua zilifunikwa kwa njia hiyo. Wanaosema nyasi za polepole hazitibiki wanapuuza kazi iliyokwisha kufanywa na kuonekana kwa zaidi ya nusu karne.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Kipara cha duara chenye kipenyo cha mita 1, kikiachwa kizibwe na nyasi za ukingoni, kinazidai zitambae sentimita 50 ndipo zikutane katikati. Nyasi za polepole hazimalizi safari hiyo kwa msimu mmoja, na pengine si kwa miwili, kwa kuwa kabla hazijafika magugu yamekwisha kuota na miguu imekwisha kupita. Kipara hichohicho kikipandwa vibonge vyenye upana wa sentimita 5, vilivyoachana sentimita 15 kutoka kitovu hadi kitovu, nafasi tupu kati ya kibonge na jirani yake inakuwa sentimita 10. Vibonge viwili vinasogeleana, hivyo kila kimoja kina safari ya sentimita 5, au 7 hivi kwenye pembe. Safari imepungua mara 7 hadi 10, na nyasi ni zilezile, kasi yake ni ileile.

Gharama nayo ipimwe. Kipara hicho cha mita 1 kinahitaji vibonge 35 hivi. Vyote vikiunganishwa havizidi mraba wa sentimita 30 kwa 30. Mita 1 ya mraba ya nyasi nzima inatoa vibonge 400, navyo vinatosha kupanda mita 9 za mraba zilizo wazi. Hakuna mbegu ya kuagizwa Mwanza au Dar es Salaam, hakuna nauli, hakuna wakala. Dawa ya kipara imeota hatua tatu kutoka kwenye kipara. Anayeshauri uwanja mzima ulimwe kwa sababu ya vipara vinne anashauri kuharibu kilicho hai ili kutibu kilichokufa, na ni vigumu kuona ushauri huo umepataje heshima uliyo nayo.

Watetezi wa ukoka wana hoja moja ya kweli, nayo isinyimwe haki yake. Kwenye uwanja wa mpira ulio juani kutwa, unaokanyagwa na watu wengi kila jioni, ukoka ndio nyasi inayofaa, maana unaumia na kupona haraka. Lakini viwanja vya mpira hivyohivyo ndivyo vinavyoivunja hoja yao. Viwanja vingi vya vijijini vimeota ukoka wa asili, nyasi yenye haraka kuliko karibu zote, na mbele ya kila goli pana kipara cha vumbi. Kama kasi ingekuwa dawa, mbele ya goli pangekuwa kijani. Pamebaki wazi kwa sababu udongo umeshindiliwa na kisigino cha golikipa mwaka baada ya mwaka, na mzizi wa haraka na wa polepole wote wawili hufa mahali pasipopita hewa.

Chini ya mwembe mambo ni mabaya zaidi kwa ukoka. Ni mmea wa jua tupu. Kivulini mashina yake hurefuka, majani hupungua, zulia linakuwa na matundu, kisha unatoweka. Zoisia huvumilia kivuli cha wastani, jua likizifikia kwa saa kadhaa za mchana. Anayeng'oa zoisia chini ya mti akaweka ukoka atapata kijani cha msimu mmoja na kipara kipana kuliko cha awali.

Tena ukoka haukai ulipopandwa. Wakulima wa maharage wa Kibondo na Kasulu hawahitaji kufundishwa hili. Jembe likiukata vipande kumi, vipande vingi vinaota. Katika nyanda hizi ua wa shule au wa nyumba mara nyingi umepakana na shamba la maharage, mahindi au muhogo, na pengine mteremko unaelekea shambani. Maji ya mvua yanabeba vipande vya ukoka hadi kwenye matuta. Kuuleta uani ili kuziba kipara cha mita 1, kisha kuupalilia shambani kwa miaka kumi, ni biashara ya hasara isiyo na mfano. Bado halijahesabiwa kwanja. Ukoka wakati wa mvua unadai kukatwa karibu kila wiki, na zoisia inaweza kungoja wiki mbili, tatu, hata nne. Kazi hiyo ya ziada itafanywa na wanafunzi, walinzi na wahudumu wa zahanati, nao kwa kawaida hawakuulizwa nyasi zilipochaguliwa.

Kundi la pili la wapinzani halitaki nyasi kabisa. Kwao kipara ni mwanzo mwema, kipanuliwe, pafagiliwe. Ua uliofagiliwa asubuhi, wenye michirizi ya fagio, ni alama ya nyumba yenye watu na yenye adabu, na hofu ya nyoka ni hofu ya watu waliowahi kuwaona. Heshima hiyo inastahili jibu la uangalifu. Nyoka hujificha kwenye nyasi ndefu, marundo ya matofali na kuni. Nyasi iliyokatwa ikawa na urefu wa vidole viwili haina pa kumficha. Mbu, ambao mara nyingi hutajwa pamoja na nyoka, hawazaliani kwenye nyasi fupi. Anofelesi gambiae, mmoja wa waenezaji wakuu wa malaria katika sehemu hizi, hupenda vidimbwi vidogo vya muda vilivyo juani: nyayo za ng'ombe, njia za magurudumu, mabonyeo ya udongo ulioshindiliwa ambao maji hayaupenyi. Kipara kilichogandamana, mvua inaponyesha, ndicho kidimbwi chenyewe. Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi Tanzania, na kuita kipara usafi katika mkoa kama huo ni kosa zito.

Kiangazi, kipara hichohicho kinageuka vumbi, na vumbi kavu lililo tifutifu ndimo mabuu ya funza wanaoingia miguuni hukulia. Watoto wanaocheza pekupeku mbele ya darasa ndio wanaolipa. Kisha mvua za kwanza zinarudi, na matone makubwa yanaupiga udongo usio na kifuniko. Vilima vya Kibondo havisamehe: maji yanayoshindwa kupenya yanatafuta mteremko, mteremko unapata mfereji, na mfereji unaishia kwenye msingi wa nyumba ya matofali iliyojengwa kwa udongo. Makorongo mengi yanayopita katikati ya nyua yalianza na mahali padogo pasipo na nyasi.

Kwa hiyo kipara kizibwe. Ila kabla ya kuziba, kitafutiwe chanzo, na hapa ndipo haraka ya wenye haraka inapowaponza zaidi. Kipara ni dalili. Kuna kitu kimeua nyasi, na kikiwa bado kipo kitaua na zile mpya, ziwe za aina yoyote.

Chanzo kikuu ni mgandamano, na kipimo chake ni spoku ya baiskeli. Siku moja baada ya mvua, spoku husukumwa kwa mkono kwenye nyasi nzima, kisha kwenye kipara. Ikizama kwa urahisi kwenye nyasi na kujipinda kwenye kipara, jawabu limepatikana. Miguu imebana udongo, hewa na maji havipiti, mizizi imekosa pumzi. Kipara kirefu na chembamba ni njia, na njia huwa na sababu: mlango uko mbali, bomba la maji liko upande wa pili, geti limewekwa mahali pasipo pake. Kipara cha duara kamili chenye tundu la kigingi katikati ni cha mbuzi aliyefungwa kamba. Cha mstatili wenye pembe nne ni cha turubai, kwani nyasi zilizofunikwa kwa siku kadhaa juani huungua kwa joto na kukosa mwanga, na mwanikaji wa muhogo hutandika palepale kila mwaka kwa kuwa panapata jua zuri.

Vipo vyanzo vinavyojificha zaidi. Kipara kilicho nyuma ya jiko hutokana na maji ya sabuni na ya kuoshea vyombo yanayomwagwa sehemu moja kila siku. Palipochomwa taka pana rundo la majivu lenye chumvi nyingi; majivu kidogo yaliyotawanywa huusaidia udongo mwekundu wenye asidi, lakini rundo huua. Nyasi zikivutwa zikafunuka kama mkeka, bila mizizi, chini yake kuna mabuu meupe ya mbawakavu, nayo yaondolewe kwa mkono kabla ya jambo lolote. Mchwa nao hulaumiwa kupita kiasi. Kiangazi wanakula majani makavu yaliyokwisha kufa, wanayafunika kwa udongo, na mwenye uwanja anadhani wao ndio walioua. Mara nyingi walikuja baada ya kifo.

Tanzania ina somo kubwa kuhusu kuondoa chanzo. Kondoa, mkoani Dodoma, ardhi ilikuwa imemomonyoka kiasi cha kuwa makorongo mekundu yanayoonekana kutoka mbali. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa matuta ya kukinga maji na kupanda miti. Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa katika eneo lililoharibika. Nyasi na vichaka vya asili vilirudi vyenyewe juu ya sehemu kubwa ya ardhi hiyo. Wafugaji walilipa gharama nzito, na jambo hilo lisifichwe. Ila kuhusu mimea, fundisho liko wazi: kinachoua kikiondoka, kinachoota kinarudi. Uani tofauti ni moja. Kondoa ilikuwa na hazina ya mbegu za mimea mingi na miaka ya kungoja. Uwanja wa zoisia hauna mbegu ya kutegemewa udongoni, na nafasi yoyote inayoachwa wazi inachukuliwa na ndago na kishona nguo. Kuondoa chanzo peke yake kunatosha porini. Uani ni lazima kufuatwe na vibonge.

Zipo dawa tatu za mkato ambazo hupendekezwa kabla ya vibonge. Ya kwanza ni udongo wa kichuguu, unaosifiwa kwa rutuba na kumwagwa juu ya kipara. Udongo huo una mfinyanzi mwingi, ndiyo maana unafaa kwa matofali na kusiriba sakafu. Ukitandazwa kwenye kipara, ukanyeshewa, ukakauka, unakuwa sakafu. Nyasi hazioti kwenye sakafu. Udongo mweusi wa bondeni, unaopendwa vilevile, huja na vitunguu vya ndago, na mtu akishaingiza ndago uwanjani atakaa nazo muda mrefu.

Ya pili ni urea. Ina asilimia 46 ya nitrojeni, na ikiachwa juu ya udongo bila kufukiwa wala kunyeshewa sehemu yake huruka hewani ikiwa gesi. Inayobaki inalisha kilichopo, na kwenye kipara kilichopo ni magugu. Mbolea haijawahi kuotesha mmea ambao haupo.

Ya tatu ni mbegu, kwa kawaida za ukoka kwa sababu ndizo zinazopatikana madukani mjini. Ni ndogo mno, kilo moja ina mamilioni, na mvua moja kubwa ya Novemba inazisomba zote hadi chini ya mteremko. Zikiota, zinaleta nyasi ya pili ndani ya ya kwanza, yenye rangi nyingine, urefu mwingine na kasi nyingine. Kipara kimegeuka kiraka kinachoonekana daima, na kiraka hicho kitapenya kidogo kidogo kila mahali ambapo zoisia ni nyembamba.

Majira yanahitaji kuzungumzwa kwa kirefu, kwani ushauri mwingi wa bustani unaofika Kigoma uliandikwa kwa ajili ya pwani au Nairobi. Huko mwaka una vuli na masika, na mtunza bustani anaambiwa apande Machi au Aprili, masika yanapoanza. Kibondo na Kasulu hazina mwaka huo. Mvua zake ni msimu mmoja: zinaanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba, zinapumzika kwa muda mfupi Januari au Februari, na zinakoma Mei. Anayepanda Aprili kwa kufuata kalenda ya Dar es Salaam amezipa nyasi za polepole wiki chache tu kabla ya miezi minne mikavu. Juni na Julai usiku ni wa baridi katika nyanda hizi zilizo zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na nyasi za joto zinasimama hata zikimwagiliwa. Vibonge vinakauka, na lawama inarudi kwa nyasi. Pengine hakuna jambo lililozipaka nyasi hizi jina baya katika mkoa huu kuliko kalenda ya watu wengine.

Wakati sahihi ni mvua zikishatulia, kwa kawaida Novemba. Hapo kibonge kina takriban miezi sita ya unyevu mbele yake. Kikwazo cha kweli ni kwamba Novemba ni mwezi wa kupanda mahindi na maharage, na hakuna familia itakayoacha shamba kwa ajili ya ua, wala haipaswi kuacha. Ndiyo sababu vipara vitibiwe vingali vidogo. Kipara cha mita 1 kinamalizwa asubuhi moja, na maandalizi yake hufanyika Oktoba kabla shamba halijaita: chanzo kuondolewa, samadi kusogezwa, magugu kung'olewa.

Kazi yenyewe huanza kwa kulegeza udongo hadi kina cha sentimita 15 au 20 kwa sululu au uma wa shamba, mvua ya kwanza ikishaulainisha. Udongo mwekundu wa chini usipinduliwe kuja juu. Uvunjwe palepale ulipo. Samadi iliyooza vizuri, isiyo na joto wala harufu kali, huchanganywa ndani: ndoo moja ya lita 20 kwa mita 1 ya mraba inatosha, kwani hutandaza tabaka la sentimita 2. Baada ya hapo pasawazishwe na kukanyagwa kidogo, pasiwe na shimo la kukusanya maji wala kichuguu cha kukatwa na kwanja.

Vibonge hukatwa siku hiyohiyo, kwa panga au kwa kipande cha bomba la chuma la inchi 2 lililonolewa mdomo. Vichukuliwe kwanza pale ambapo nyasi zimevuka mpaka na kuingia njiani, maana huko zingekatwa hata hivyo. Zikichukuliwa katikati ya uwanja, matundu yaachane sentimita 30 au zaidi na yajazwe udongo wenye samadi. Yataziba yenyewe, yakiwa na umbali mdogo kama wa vibonge. Kibonge kiwe na kina cha sentimita 5 hadi 7, mizizi ikiwa imeshikana na udongo. Vikingoja, vingoje chini ya gunia lililoloweshwa. Vinapandwa kwa kupishana, mstari mmoja ukiangukia kwenye nafasi za mwingine, usawa wa kibonge ukilingana na wa ardhi. Kikizama kinaoza, kikichomoza kinakauka. Kila kimoja hubanwa kwa kisigino, kisha hutiwa maji hata kama mawingu yametanda.

Wiki mbili za kwanza udongo usikauke. Baadaye mvua inafanya kazi, hadi pumziko la Januari au Februari, ambapo ndoo moja ya lita 20 kwa mita 1 ya mraba kila wiki, ikigawanywa mara mbili, inavivusha vibonge. Anayebeba maji kichwani kutoka mbali anajua uzito wa ndoo hiyo. Bado ni ndoo moja kwa kipara, na kupanda uwanja mzima upya kungedai mamia. Kishona nguo king'olewe kikiwa na majani manne. Ndago ichimbwe na kitunguu chake. Vibonge vikianza kutoa mashina ya pembeni, na si kabla, vinaweza kupewa urea gramu 10 kwa mita 1 ya mraba, yaani kijiko cha chakula kisichojaa, siku ambayo mvua inakaribia. Nyasi zikifika sentimita 6 zipunguzwe kwa kwanja lililonolewa, zisishuke chini ya sentimita 3, kwani kukata mara kwa mara kwa kiasi huzielekeza kutambaa.

Miguu izuiwe kwa kamba na vigingi, na mbuzi ahamishwe. Pale ambapo watu hawatazuilika, nyasi zisilazimishwe. Mahali pa mstari wa asubuhi, kona ya baiskeli, na chini ya mwembe wenye kivuli kizito kutwa nzima si mahali pa nyasi za aina yoyote. Njia iwekewe matofali ya kuchoma, yapo kila kijiji. Mwembe upunguzwe matawi ya chini, au shina lake lizungushiwe majani makavu na viti. Hapa watetezi wa nyasi wanapaswa kukubali kushindwa, na kukubali huko kunaokoa vibonge kwa ajili ya mahali panapostahili.

Juni inapofika, nafasi kati ya vibonge itakuwa imepungua na haitakuwa imekwisha. Majani yatageuka rangi ya kahawia. Wengi huamua wakati huo kwamba jaribio limeshindikana, wakachukua jembe. Kabla ya jembe, shina moja likwaruzwe kwa ukucha karibu na ardhi: likiwa gumu na jeupe au lenye ukijani ndani, mmea umelala. Kamba ibaki. Mvua za Novemba ya pili zikirudi, mashina yanaendelea pale yalipoishia, na katika msimu huo vibonge vinakutana. Kipimo cha mwisho ni mkono: nyasi zivutwe kwa nguvu mahali palipokuwa katikati ya kipara, na zikishikilia, vigingi ving'olewe mnamo Februari au Machi, ili nyasi zizoee miguu udongo ungali na unyevu.